Mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki: Hatari haimo kwenye mkate pekee

MZAZI akiambiwa na daktari kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa seliaki na hafai kula ngano, jambo la kwanza afanyalo ni kuondoa mkate, chapati na mandazi mezani. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini ndiyo iliyo rahisi. Kazi ngumu huanzia kwenye vitu ambavyo hakuna anayevishuku: unga wa uji, soseji, kinywaji cha chokoleti, mwiko wa jikoni na hata gundi ya shule ya chekechea.

Seliaki ni maradhi ambamo kinga ya mwili, ikichokozwa na protini iitwayo gluteni, huugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia. Vinyweleo vidogo vya utumbo huo, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho, huharibika. Mtoto hula lakini chakula hakimjengi: huharisha, tumbo hufura, damu hupungua na kimo hudumaa. Ni rahisi dalili hizo kudhaniwa kuwa za minyoo au utapiamlo, na aghalabu ndivyo zinavyodhaniwa.

Gluteni hupatikana katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Uhusiano wa ngano na maradhi haya ulidhihirishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Mkate ulipoadimika nchini humo wakati wa njaa ya 1944 na 1945, watoto waliokuwa wakiugua walipata nafuu. Mkate uliporejea, ugonjwa nao ukarejea. Dicke alieleza kazi yake katika tasnifu ya mwaka 1950. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, dhana iliyotikiswa mwaka 1999 utafiti ulipoonyesha kuwa zaidi ya watoto watano katika kila 100 wa jamii ya Wasaharawi, kaskazini magharibi mwa Afrika, walikuwa nayo.

Hakuna dawa ya kuyaponya. Tiba ni kuepuka gluteni maishani. Hata hivyo, mzazi anayeshuku tu asianze kumwondolea mtoto ngano kabla ya vipimo, kwa kuwa kipimo cha damu na uchunguzi wa utumbo huweza kutoa majibu ya uongo iwapo gluteni imekwisha kuachwa.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa kiasi kinachodhuru. Shirika la Codex, linaloweka viwango vya chakula duniani, huruhusu bidhaa kuitwa isiyo na gluteni iwapo haizidishi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kipande kimoja cha mkate huwa na takriban gramu mbili, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, yaani chembe za mkate, zinatosha kuumiza utumbo zikiliwa kwa miezi kadhaa.

Katika hili, jikoni la Mkenya lina heri ambayo jikoni la Ulaya halina. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, muhogo, viazi, ndizi, maharagwe na ndengu kwa asili havina gluteni. Ugali na sukuma wiki, githeri, mukimo, au wali na samaki ni mlo kamili wa mtoto huyu. Kwenye mwambao, vitumbua na mkate wa sinia hupikwa kwa mchele, ingawa inafaa kumuuliza mpishi iwapo ameongeza unga wa ngano. Tambi ni ngano tupu. Hakuna haja ya familia kujifilisi kwa biskuti maalumu zilizoagizwa kutoka nje.

Tatizo ni kuchanganyika. Unga wa uji wa watoto unaouzwa ukiwa umechanganywa tayari huweza kuwa na ngano pamoja na wimbi, soya na njugu, na muuzaji wa sokoni huenda asikumbuke alichotia. Mashine ya kusaga mtaani nayo ikitoka kusaga ngano ya jirani, mabaki yake huingia katika debe la mahindi linalofuata. Lililo salama zaidi ni kununua nafaka nzima, kuichambua nyumbani, na kuisaga mahali ambapo ngano haisagwi. Nafaka hiyo iwe imekauka vyema. Mtoto anayetegemea mahindi kila siku hapaswi kulishwa yaliyoota kuvu. Sumu ya aflatoksini iliua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Ukambani.

Dukani, mzazi hana budi kusoma orodha ya viungo. Alama ya ubora ya KEBS haimaanishi kuwa bidhaa haina gluteni. Vilevile maneno “haina ngano” hayatoshi, maana shayiri huenda imo. Neno la kuchunga sana ni kimea: katika vinywaji vya chokoleti na vyakula vya asubuhi vya pakiti, kimea karibu kila mara ni cha shayiri. Kimea cha wimbi kinachotengenezwa nyumbani kwa ajili ya uji ni jambo jingine, nacho hakina madhara. Soseji huweza kujazwa unga wa ngano, na sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Nafaka ya oti, ambayo husagwa pamoja na ngano katika viwanda vingi, isubiri idhini ya daktari.

Nyumbani, mwiko, chujio na ubao wa kusukumia chapati visitumiwe kwa chakula cha mtoto. Viazi visikaangwe katika mafuta yaliyokaanga mandazi.

Vipo pia vitu visivyo chakula. Gluteni haipenyi kwenye ngozi, kwa hivyo sabuni na mafuta ya kujipaka si tishio kubwa, isipokuwa ya midomo na yale yanayobaki kwenye vidole vinavyonyonywa. Dawa ya meno humezwa na watoto wadogo, basi isomwe kama chakula. Kwa vidonge na dawa za maji, mfamasia aulizwe wanga uliotumika umetokana na nini.

Shuleni, udongo wa kuchezea wa dukani mara nyingi huwa na ngano. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uligundua kuwa ule mkavu kiasi huacha gluteni kidogo mikononi, lakini karatasi zilizobandikwa kwa uji wa unga huacha nyingi. Gundi hiyo ya ngano ndiyo walimu wengi wa chekechea hupika wenyewe kwa kukosa pesa za kununua nyingine. Unga wa muhogo hufanya kazi hiyo hiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji.

Baada ya miezi sita hivi, daktari hupima tena kingamwili katika damu. Zikiwa zinashuka, mlo unafaa. Zisiposhuka, kabla ya kumlaumu mtoto kwa kudokoa keki ya wenzake, mzazi aanze kwa kuuliza mashine ya kusagia unga wa uji wake husaga nini kingine.