Ubora wa Sauti Uulizwe kwa Lugha ya Mtumiaji

Kila arekodiye sauti kwa kompyuta, iwe ni hotuba, nyimbo za kwaya au masimulizi ya wazee, hufikia hatua ya kutoa nakala ya kuwapelekea wengine. Hapo programu humtaka achague ubora, na aghalabu humwuliza kwa lugha ya mafundi: kilobiti 64, 128 au 320 kwa sekunde? Asiyejua maana ya tarakimu hizo hubahatisha, na huenda akaharibu sauti isiyoweza kurekodiwa tena.

Tarakimu hizo zina maana gani? Katika diski ya CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani megabaiti 635 hivi kwa saa moja. Mbinu ya MP3 hupunguza mzigo huo kwa kutupa sehemu ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, kama vile sauti hafifu iliyofunikwa na sauti kubwa. Kwa kilobiti 128, saa ile ile huchukua megabaiti 57.6 tu. Lakini kilichotupwa hakirudi. Faili iliyokwisha kubanwa kwa kilobiti 64, ikitolewa upya kwa 320, huongezeka ukubwa bila kuongezeka ubora.

Utata huzidi pale programu zinapohitilafiana. Katika LAME, itengenezayo faili za MP3, ngazi za ubora huanzia 0 hadi 9, na 0 ndiyo bora kuliko zote. Katika Vorbis huanzia -1 hadi 10, na 10 ndiyo bora. Hivyo tarakimu kubwa humaanisha ubora huku, na upungufu kule.

Dawa yake ni kumwuliza mtumiaji jambo analolijua, yaani makusudi yake. Chaguo la kwanza liwe “Mazungumzo, faili ndogo”. La pili, “Muziki wa kusikiliza”. La tatu, “Kumbukumbu ya kutunza”. Kando ya kila chaguo uonyeshwe ukubwa wa faili itakayopatikana. Mazungumzo ya saa moja, kwa njia moja na kilobiti 64, yatachukua megabaiti 28.8. Kwa kumbukumbu, programu itumie mfumo kama FLAC, ambao hubana sauti pasipo kutupa chochote. Tarakimu zisifutwe, bali ziwekwe ukurasa wa pili kwa ajili ya mafundi.

Jambo la mwisho ni onyo. Kabla mtumiaji hajaifuta rekodi ya asili, programu imweleze waziwazi kwamba nakala iliyobanwa kwa MP3 haiwezi kushika nafasi yake. Mwenye kutunza sauti ya mzee aliyekwisha fariki anastahili kulijua hilo mapema, wakati rekodi ya asili ingalipo.