Bastola Iliyofichwa na Wajibu wa Anayeibeba

Nchini Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022, katika shauri lililotoka New York, kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujihami, sheria za majimbo bado zinatofautiana: Vermont haijawahi kudai kibali, ilhali majimbo mengine hudai mafunzo na uchunguzi wa mwenendo wa mwombaji.

Usalama wa kila siku, hata hivyo, hutegemea zaidi mfuko wa bastola, ambao sharti uishike silaha imara kiunoni na kukifunika kabisa kifyatulio, yaani sehemu inayovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Bastola iliyotumbukizwa mkobani pamoja na funguo humhatarisha mwenyewe, na mtoto wake, kabla ya kumtisha mvamizi yeyote.

Kisheria, nguvu ya kuua huruhusiwa kwa kawaida pale tu mtu anapoamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba kifo au jeraha kubwa limemkabili, hivyo mwizi anayekimbia na televisheni hapaswi kupigwa risasi, ingawa Texas, kwa namna isiyofaa kuigwa, huilegeza kanuni hiyo nyakati za usiku.