Maji Yanayopanda Bila Kurudi

Watoto, ninyi mnaokaa Kalemie au Uvira mmezoea kuona mawimbi ya ziwa Tanganyika. Upepo unavuma, mawimbi yanakuja, yanapiga mchanga, kisha yanarudi. Mawimbi ya bahari nayo ni hivyo. Lakini yako mengine ambayo hayaletwi na upepo. Wajapani waliyaita tsunami, maana yake wimbi la bandari, na jina hilo hutumiwa leo katika nchi zote.

Yanatoka wapi? Mara nyingi yanatokana na tetemeko la nchi. Watoto wa Goma na Bukavu wanajua tetemeko ni nini: nyumba inatikisika, masahani yanagongana. Basi, chini ya bahari pia kuna nchi, nayo hutetemeka. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Noeli, karibu saa mbili asubuhi, nchi ilipasuka chini ya Bahari ya Hindi, karibu na kisiwa cha Sumatra katika Indonesia. Ufa ule ulikuwa mrefu kupita kilometa 1,200. Urefu huo unapita ule wa kutoka Lubumbashi hadi Goma kwa njia ya ndege! Nchi ya chini iliinuka, ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake.

Maji yakiinuliwa hivyo hayakai. Yanakimbia huku na huku. Katika bahari ya kilindi yanakwenda mbio kama ndege, kilometa 700 kwa saa na zaidi. Lakini huko mbali hayatishi hata kidogo: wimbi halifiki meta moja, na mvuvi katika mtumbwi wake hajui kwamba limepita chini yake. Hatari iko pwani. Hapo kilindi kinakwisha na maji ya mbele yanapunguza mwendo, lakini ya nyuma yanazidi kuja. Mmeona wanafunzi wanaokimbilia mlango wa darasa? Wa kwanza anasimama, wa nyuma wanasukuma, wote wanasongamana. Ndivyo maji yanavyosongamana, nayo kwa kuwa hayana nafasi, yanapanda juu.

Asubuhi ile, katika nchi ya Thailand, jamaa moja ya Waingereza ilikuwa mapumzikoni katika kisiwa cha Phuket. Baba, mama na binti zao wawili walikuwa wakitembea juu ya mchanga wa Mai Khao. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mkubwa wa wale mabinti aliitwa Tilly Smith, mwenye miaka 10. Aliona jambo lisilo la kawaida: maji yalikuja, yakazidi kuja, wala hayakurudi. Tena yalitoa povu, kama povu la pombe iliyomiminwa sasa hivi.

Majuma mawili tu kabla ya safari, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha habari za tsunami, akawaonyesha picha za sinema za maji yaliyovamia visiwa vya Hawaii. Tilly alikumbuka. Alimwambia mama yake kwamba tsunami inakuja. Mama hakuelewa, maana yeye aliona bahari tu, na jina lile hakulijua. Mtoto akapiga kelele, akalia, hakukubali kunyamaza. Mwisho baba yake alimsikiliza, akaenda kumwambia mlinzi wa hoteli. Mjapani mmoja aliyekuwa karibu alilisikia neno tsunami, naye alikuwa amepata habari ya tetemeko la Sumatra. Basi mlinzi akawaondoa watu pwani, nao walikuwa kama mia moja. Walikimbilia hoteli, wakapanda orofani. Dakika chache baadaye maji yalifika. Katika pwani ya Mai Khao hakufa mtu.

Mahali pengine haikuwa hivyo. Pengine bahari ilianza kwa kurudi nyuma, mbali sana, samaki wakabaki wanarukaruka juu ya mchanga. Watu walishuka kuwaokota, na watoto walikuwa wa kwanza. Nani asingeshuka? Maji yaliporudi, hapakuwa na njia ya kukimbia. Siku ile walikufa watu zaidi ya 220,000 katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi.

Wimbi lilifika hata Afrika, baada ya saa saba hivi. Katika Somalia walikufa watu karibu 300. Katika Kenya pwani zilijaa watu wa mapumziko ya Noeli, lakini habari ilikuwa imekwisha kufika. Polisi waliwafukuza watu kutoka majini, na aliyekufa huko ni mtu mmoja. Saa saba ni muda mwingi. Angalieni basi: Somalia nayo ilikuwa na saa zile zile, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia wavuvi. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na ofisi ya kutoa maonyo tangu mwaka 1949. Bahari ya Hindi haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mpango wake ulitengenezwa baada ya msiba huu, ukaanza kazi kamili mwaka 2011.

Lakini ofisi haiwezi kumsaidia anayekaa karibu sana na ufa. Kisiwa cha Simeulue kiko jirani kabisa na mahali pale; maji yalifika huko katika dakika chache, na hapakuwa na simu wala redio ya kuwatangulia. Wenyeji wana neno lao, smong. Mwaka 1907 maji yaliua watu wengi wa kisiwa hicho, na waliopona waliwaambia watoto wao, nao wakawaambia wajukuu: nchi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, acha vyote, kimbilia mlimani. Wazee waliyasema hayo kwa miaka karibu mia moja, katika hadithi na nyimbo za kuwalaza watoto. Asubuhi ile, tetemeko lilipokwisha, watu walipaza sauti, smong, smong, wakapanda milima na watoto mgongoni. Kisiwa kilikuwa na watu kama 78,000. Waliokufa walikuwa 7.