Kipakatalishi kidogo: Chunguza diski kabla ya kulipa

MWANAFUNZI wa chuo, mwalimu wa shule ya upili au mfanyabiashara mdogo anayetafuta kipakatalishi cha bei nafuu jijini Nairobi au Mombasa aghalabu huingia dukani akiwa na mahitaji mawili: kiwe chepesi kubeba, na kidumu. Muuzaji naye humjibu kwa kusifia prosesa, ukubwa wa skrini na umaridadi wa umbo. Diski, ambayo ndiyo sehemu inayohifadhi kazi zote za mtumiaji, hutajwa mwisho, tena kwa tarakimu moja tu ya gigabaiti.

Hilo ni kosa linalowagharimu wengi. Diski ndiyo inayoweza kukifanya kipakatalishi kilichotumika kwa miaka minane kifanye kazi kwa wepesi kama kipya, na ndiyo inayoweza kukifanya kipya kabisa kikwame kabla ya kumaliza mwaka. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anafaa kujua mambo mawili kabla ya kutoa fedha zake: ni aina gani ya diski iliyomo, na je, inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine?

Vipakatalishi vidogo vya bei ya chini vilipata umaarufu kuanzia mwaka wa 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC yenye skrini ya inchi saba. Toleo lake lililojulikana zaidi lilikuwa na hifadhi ya gigabaiti nne pekee, nayo ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Vilivyofuata vilitiwa diski ngumu za kuzunguka zenye nafasi kubwa zaidi, lakini zilizofanya kazi polepole. Mvutano huo baina ya nafasi, kasi na uwezekano wa kubadilisha diski ungalipo hadi leo.

Aina tatu za hifadhi

Aina ya kwanza ni diski ngumu ya kawaida. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, na katika vipakatalishi vingi kasi yake ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Kila faili inapohitajika, kichwa kinachosoma hulazimika kusogea hadi mahali ilipo. Faili zinapokuwa nyingi na zimetawanyika, kichwa hicho huhangaika huku na kule, naye mtumiaji hubaki akikodolea macho skrini isiyosonga. Isitoshe, kwa kuwa sehemu hizo zinasogea, mshtuko wa kuanguka au wa kutikiswa safarini diski ikiwa inafanya kazi unaweza kuiharibu.

Aina ya pili ni SSD, ambayo haina sehemu yoyote inayozunguka. Data huwekwa katika chipu na kusomwa kwa njia ya umeme. Ilhali diski ngumu ya kipakatalishi husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde katika hali nzuri, SSD inayotumia njia ya SATA husoma takribani megabaiti 500, nazo nyingi za NVMe hupita 3,000. Hata hivyo, faida kubwa zaidi haimo katika tarakimu hizo. SSD hufikia faili ndogo zilizotawanyika kwa muda mfupi mno, na hizo ndizo Windows huhitaji kwa maelfu inapowaka. Ndiposa hata SSD ya kawaida ya SATA huleta mabadiliko makubwa katika mtambo mkuukuu.

Aina ya tatu ni eMMC, ambayo hupatikana katika vipakatalishi vipya vya bei ya chini kabisa. Hii pia haina sehemu zinazozunguka, lakini huwa ya polepole kuliko SSD na kwa kawaida hulehemiwa kwenye ubao mkuu. Mathalani, HP Stream 11 iliyotolewa mwaka wa 2014 ilikuwa na gigabaiti 32 za aina hiyo. Windows pamoja na masasisho yake hujaza nafasi kama hiyo haraka, naye mwenye mtambo hana njia rahisi ya kuiongeza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa usemi huo unatimia.

Kipi kinunuliwe?

Mara nyingi mwenye fedha chache hufaidika zaidi na kipakatalishi cha kiofisi kilichotumika ng'ambo kuliko kipya chenye eMMC. ThinkPad X220 ya mwaka wa 2011 na X230 ya 2012, zote zikiwa na skrini ya inchi 12.5, ni mfano wa mitambo iliyoundwa ili iweze kufunguliwa. Diski yake imefunikwa kwa kifuniko kidogo cha ubavuni kinachoshikwa kwa skrubu moja. HP EliteBook 820 ya toleo la kwanza nayo hufunguka chini kwa kusukuma kitasa, pasipo bisibisi.

Hata hivyo, umri wa mitambo hiyo una gharama yake. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huhitaji angalau gigabaiti 64 za hifadhi, gigabaiti nne za RAM na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel hukubali rasmi, ila kwa nadra, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Anayetaka Windows yenye usaidizi kamili basi anafaa kuangalia mitambo ya kuanzia mwaka wa 2018, kama vile HP EliteBook 830 G5 au ThinkPad X280. Tahadhari ni kwamba RAM ya X280 imelehemiwa. Atakayenunua yenye gigabaiti nne atakaa nazo. Kwa anayeridhika na Linux, mathalani Ubuntu au Linux Mint, mitambo ya zamani ingali na kazi ya kufanya.

Jambo jingine ni umbo la diski. X220 na X230 hupokea diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita saba. Ile ya milimita 9.5 haiingii. Mitambo ya karibuni hutumia kijiti chembamba cha M.2, ambacho aghalabu huwa na upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Hapa ndipo wengi hupotezea fedha zao, kwa sababu SSD za M.2 ni za namna mbili zinazofanana kwa macho: za SATA na za NVMe. Kijiti cha SATA kikitiwa katika nafasi ya NVMe pekee, mtambo hautakitambua. Njia salama ni kusoma jina kamili la mtambo lililoandikwa chini yake, kisha kutafuta mwongozo wa mtengenezaji kabla ya kununua diski.

Ukubwa nao usimtie mtu tamaa. Gigabaiti 256 huwatosha wengi wanaoandika, kusoma na kuweka hesabu za biashara, ingawa Windows itaonyesha takribani 238 kutokana na namna yake ya kuhesabu. Anayeuziwa diski yenye nafasi ya ajabu kwa bei ya kutupa anafaa kushuku, kwani zipo diski bandia zinazotangaza ukubwa zisio nao. Data inayozidi uwezo wake halisi hupotea bila onyo lolote. Programu ya bure ya H2testw hufichua hila hiyo kwa kuandika data hadi diski ijae na kisha kuisoma tena.

Kubadilisha diski

Kazi ya kwanza si kushika bisibisi bali ni kuhifadhi nakala ya faili zote katika diski ya nje. Ikiwa Windows imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa kurejesha data sharti uandikwe mahali salama kabla ya lolote kufanywa. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski yote ya zamani hadi katika mpya kwa kuiunganisha kupitia waya wa USB na kutumia programu kama Clonezilla. Ya pili ni kuanza upya kwa kuweka Windows au Linux, kisha kurudisha faili. Njia ya pili huchukua muda mrefu zaidi, lakini huacha nyuma takataka za miaka mingi, na hufaa hasa kwa mtambo ulionunuliwa ukiwa umetumika.

Wakati wa kufungua, mtambo uzimwe kabisa, chaja itolewe na betri iondolewe au itenganishwe na ubao mkuu. Anayefanya kazi hiyo aguse kwanza chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, na skrubu ziwekwe kwa mpangilio kwani urefu wake hutofautiana.

Usalama wa data

Suala ambalo halizungumziwi vya kutosha ni hatima ya diski iliyotolewa. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuiondoi data katika diski ngumu. Huondoa tu alama ya mahali ilipo, na mtu mwenye programu inayofaa anaweza kuirejesha. Nakala za vitambulisho, alama za wanafunzi na orodha za wadeni haziwezi kuachwa kwa fundi kama shukrani. Diski hiyo ni mali ya mwenye mtambo. Ikiwa bado nzima, inaweza kutiwa katika kasha la USB na kuwa ya kuhifadhia nakala. Ikiwa mbovu, iharibiwe kabla ya kutupwa panapopokewa taka za kielektroniki.

Nakala hizo zitahitajika hata baada ya SSD kuwekwa. Diski ngumu inayokaribia kufa mara nyingi hutoa ishara kwa kupiga kelele au kukwama, ilhali SSD inaweza kuzimika ghafla, na kuokoa data yake huwa vigumu zaidi. Programu kama CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na saa ambazo imetumika.

Anayenunua mtambo uliotumika ana haki ya kuomba uwashwe na afya ya diski ionyeshwe papo hapo, na pia aelezwe jinsi diski hiyo inavyotolewa. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi, na fedha ingali mfukoni mwa mnunuzi.