Kupendeza Baada ya Miaka 40: Vazi la Mtu wa Makamo Eastlands

Umri wa makamo, kwa hesabu ya wengi, huanza mtu akiingia miaka ya 40 na kuendelea hadi karibu 60. Katika kipindi hicho mwili hubadilika polepole, mwenyewe asitambue, mpaka asubuhi moja suruali iliyozoeleka ikatae kufunga, au gauni la Jumapili libane kwapani. Baadhi ya watu hujilazimisha kuingia katika nguo za ujana wao. Wengine hukata tamaa na kuanza kuvaa chochote kipana kinachositiri mwili. Wote hao hujikosesha raha ya kusimama mbele ya kioo wakaridhika. Dawa yake ni ya zamani na si ghali: nguo iliyopimwa kwa mwili wa leo. Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, dawa hiyo haiko mbali, kwa kuwa soko la nguo na fundi wa kuzirekebisha ni jirani.

Unadhifu ni urithi wa mitaa hii

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya katikati ya jiji. Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na Buruburu na Umoja ikaja katika miaka ya 1970. Wakazi wa mwanzo wengi waliishi chumba kimoja, lakini hawakutoka nje ovyo. Majengo, pale Pumwani, kanzu na kofia vilikuwa heshima ya mwanamume, na kanga mbili zilizofanana zikawa heshima ya mwanamke. Waliokwenda dansi kwenye kumbi za mitaa walivaa suti zilizonyooshwa kwa pasi ya makaa. Siku hizi vijana husema mtu aliyevaa akapendeza "ametokelezea". Neno ni jipya, lakini fahari inayotajwa ni ile ile ya babu zao, na hakuna sheria inayomwachia kijana peke yake.

Mwili unavyobadilika

Kabla ya kununua nguo, inafaa kuelewa kilichobadilika. Kadiri miaka inavyosonga misuli hupungua, na mafuta huhamia tumboni. Kwa wanawake mabadiliko hayo huonekana zaidi karibu na ukomo wa hedhi, ambao kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55. Hivyo mtu anaweza kuwa na uzito ule ule wa zamani na bado nguo zikamkataa, kwa kuwa umbo limebadilika ingawa mizani haijasogea. Wataalamu wa afya hushauri mzunguko wa kiuno usifike nusu ya kimo. Mwenye kimo cha sentimita 170 ajitahidi kiuno kiwe chini ya 85. Hicho ni kipimo cha afya, wala si cha urembo. Nguo nzuri haisubiri mtu apungue.

Miguu nayo hutanuka. Kano zinazoshikilia upinde wa wayo hulegea, na aliyevaa namba 39 akiwa na miaka 25 huenda sasa akahitaji 40 au kiatu kipana zaidi. Viatu hujaribiwa vyema jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa. Mgongo ukianza kuinama, koti hupanda nyuma na kushuka mbele. Macho huanza kudai miwani ya kusomea, na fremu ya miwani huwa sehemu ya uso kila siku, kwa hiyo inastahili kuchaguliwa kwa makini kama kiatu au mkoba.

Mabega kwanza

Watu wengi wa Eastlands huvaa mitumba, na Gikomba ndilo soko lake kubwa. Biashara hiyo ilipanuka mno mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Viwanda vya nguo vya humu nchini, kama Rivatex cha Eldoret na Kicomi cha Kisumu, viliumia vibaya kwa ushindani huo, na hasara hiyo haifai kusahauliwa. Kwa upande wa mnunuzi, nguo za kitambaa kizuri zilifika bei anayoiweza. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Mwezi Machi 2020, kwa hofu ya korona, uingizaji ulisimamishwa, ukaruhusiwa tena Agosti mwaka huo huo.

Nguo hufika zimefungwa kwa marobota, na robota la kawaida lina kilo 45 hivi. Likifunguliwa, vipande bora huchaguliwa kwanza, navyo huitwa "kamera". Vinavyobaki mwisho kabisa ni "fagia". Mwenye kutafuta nguo ya kudumu huamka mapema apate kamera, hata kama atarudi nyumbani na kipande kimoja tu. Koti moja la kamera linalomkaa mtu lina faida kuliko makoti manne ya fagia yanayoning'inia ukutani bila kuvaliwa.

Chukua mfano wa koti la suti. Kinachotazamwa kwanza ni mabega. Mshono wa bega unatakiwa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka juu ya mkono, koti lirudishwe kwenye lundo, hata kama rangi yake inavutia, kwa sababu kupunguza mabega ni kazi ya kung'oa mikono na bitana, na gharama yake huweza kushinda bei ya koti lenyewe. Kiuno, urefu wa mikono na vifungo ni mambo madogo kwa fundi. Baada ya mabega, koti hugeuzwa ndani nje. Bitana hukaguliwa kwapani, maana hapo ndipo jasho hula kitambaa kwanza. Kisha hutazamwa akiba iliyo ndani ya mshono. Suruali nyingi za suti za kiume huwa na sentimita 2 au 3 za kitambaa cha ziada kila upande wa mshono wa nyuma. Fundi akiufungua mshono huo, kiuno kinaweza kuongezeka sentimita 3 au 4, na suruali iliyokuwa imekataa ikafunga vizuri. Mwisho, nguo hutolewa nje juani. Chini ya mabati na maturubai ya soko, bluu iliyoiva na nyeusi hufanana, na tundu la nondo halionekani.

Futi ya fundi

Soko la Uhuru, karibu na Barabara ya Jogoo, limejulikana kwa miaka mingi kwa mafundi wa nguo. Mbali na hapo, karibu kila mtaa una fundi mwenye cherehani chini ya veranda. Huyu ndiye mtu muhimu zaidi kwa vazi la makamo, na kazi yake huanza na futi.

Vipimo vya miaka mitano iliyopita havifai tena. Anayepimwa asimame wima, apumue kawaida, wala asivute tumbo ndani. Akimdanganya fundi, atakayebanwa ni yeye mwenyewe. Mwanamke apimwe akiwa amevaa sidiria inayomkaa, maana ikilegea, kipimo cha kifua hushuka na gauni zima hukosea. Mwanamume mwenye kitambi aseme mapema suruali itavaliwa wapi. Ikivaliwa chini ya tumbo, makalio ya suruali hulegea na miguu huonekana mifupi. Ikishonwa ikae kiunoni, na nafasi ikaachwa mbele, kitambaa hushuka kimenyooka hadi kiatuni.

Nguo ijaribiwe kabla ya mshono wa mwisho, na kujaribu hakuishii kwenye kusimama. Mwenye nguo aketi, ainame kama anayeingia matatu, kisha ainue mkono kama anayeshika chuma cha juu ndani ya gari. Ikiwa gauni linapanda hadi magotini au shati linachomoka kiunoni, fundi ana kazi bado. Ikiwa hakuna kinachovuta wala kubana, nguo imekaa. Utulivu unaoonekana usoni mwa mtu aliyevalia vizuri huanzia hapo, kwa kuwa haishughulishi mikono yake kuvuta nguo kutwa nzima.

Kitenge, dera na suti ya Kaunda

Kitenge ndicho vazi la sherehe nyingi za Eastlands, kuanzia ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, hadi mikutano ya chama cha akiba. Wengi hununua kipande cha yadi 6. Kitambaa cha pamba hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kinaweza kusinyaa na kuharibu kipimo chote. Jambo la pili ni mahali pa maua. Ua kubwa likiangukia katikati ya tumbo, jicho la kila mtu litatua hapo. Fundi mzuri hukitandaza kitambaa mezani na kulipeleka ua begani au kwenye pindo kabla hajagusa mkasi. Mwenye mwili mkubwa hana sababu ya kuogopa maua makubwa. Kinachomharibia ni ua lililokatwa mahali pasipofaa.

Dera limetokana na vazi la wanawake wa Kisomali liitwalo dirac, na Eastleigh, iliyogeuka kituo kikuu cha biashara ya Wasomali tangu Garissa Lodge ya miaka ya 1990, ndiko wengi wanakolinunua. Wepesi wake humfaa mwanamke anayepatwa na joto la ghafla wakati wa ukomo wa hedhi. Kwa mwanamke wa namna hiyo, pamba ni bora kuliko poliesta, ambayo hufungia jasho, na nguo mbili nyepesi zinazovuliwa moja baada ya nyingine ni bora kuliko sweta moja nzito. Mpangilio huo unafaa pia asubuhi za baridi za Julai, ambapo jua huweza kuchomoza saa sita mchana.

Kwa wanaume, suti ya Kaunda imerudi kwa nguvu. Imepewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya Bunge la Taifa la Kenya, lakini nje ya Bunge haikupoteza wapenzi. Haihitaji tai, koti lake haliingizwi ndani ya suruali, na mstari wake ulionyooka huficha kitambi bila kukibana. Ikishonwa kwa kitambaa cha rangi moja, humfaa mwanamume wa makamo kanisani, kazini na kwenye posa.

Ngozi, nywele na viatu

Ngozi ya makamo hutoa mafuta kidogo kuliko zamani. Hupakwa mafuta mara baada ya kuoga, kabla haijakauka kabisa, ili maji yabaki ndani. Krimu za kujichubua ni hatari ya kweli. Zebaki iliyo katika baadhi yake hudhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Kenya imevipiga marufuku vipodozi vya aina hiyo, lakini bado huuzwa kichinichini. Uso uliotunzwa katika rangi yake ya asili huzeeka vizuri zaidi.

Mvi ni hiari ya mwenyewe. Anayeziacha azikate na kuzisafisha, zitang'aa. Anayezipaka rangi nyeusi ajaribu kidogo nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili, kwa sababu rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayowawasha na kuwavimbisha baadhi ya watu. Misuko inayovutwa sana hung'oa nywele za pembeni mwa uso, na zikishakufa mizizi hazirudi. Kiatu nacho husema mengi: jozi moja ya ngozi inayopigwa rangi kila wiki, au ndala za ngozi za soko la Kariokor, huinua nguo ya kawaida.

Macho ya watu

Wapo wanaomwambia mwanamke wa miaka 50 kwamba rangi nyekundu ni ya wasichana, au mwanamume wa rika hilo kwamba kujipamba ni kutafuta kimada. Nairobi inajua maneno kama hayo yanaweza kufika wapi. Novemba 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwa sababu ya mavazi yao, mamia ya watu waliandamana jijini, na Desemba mwaka huo sheria ikatungwa kuliadhibu kosa hilo. Heshima ya vazi huanzia kwa anayelivaa. Stara ya dini, ya kazi na ya shughuli aijue na kuifuata, lakini umri peke yake haumnyimi mtu rangi wala mshono mzuri.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguo ya mwili wa zamani ni kama ya kuazima, imeazimwa kwa kijana ambaye hayupo tena. Msomaji mwenye nguo tano kabatini asizozivaa kwa sababu zinambana, azitoe Jumamosi hii. Mbili zenye akiba ya mshono azipeleke kwa fundi wa mtaa, tatu awape watu ambao zitawatosha. Kisha apimwe upya, asimame wima, na kuanzia hapo avae mwili alio nao.