Je, Wajua? Kinubi cha Busoga Hukwaruza kwa Makusudi

Je, wajua kwamba uzi wa kinubi peke yake karibu hausikiki? Kaza uzi wa nailoni kati ya mikono yako, mwenzako aupige kwa kidole. Ni mwembamba mno kusukuma hewa. Hewa inauzunguka tu na kurudi mahali pake. Sasa toboa kitako cha kopo tupu, pitisha uzi huo, ufunge fundo kwa ndani, kisha ukaze tena. Chumba kizima kitasikia. Uzi unatikisa kitako cha kopo, nacho, kwa upana wake, kinasukuma hewa nyingi. Litungu, kinubi cha nyuzi saba wanachopiga Bamasaaba wa Mbale chini ya mlima Wanale na ndugu zao Wabukusu wa upande wa Kenya, hufanya kazi kwa njia hiyo: bakuli la mti, ngozi juu yake, na hewa ndani inayoitikia.

Bakuli haliongezi nguvu hata chembe. Nguvu yote ni ya kidole cha mpigaji. Bakuli linaharakisha tu kuitoa nje, ndiyo maana mlio wa kinubi ni mkubwa lakini huzimika upesi. Atakaye sauti kubwa huilipia kwa muda.

Ukitaka uzi upande mara mbili kwa idadi ya mitetemo, lazima uukaze mara nne, si mara mbili. Mfaransa Marin Mersenne aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1636. Mafundi wa vinubi huijua kwa vidole: nyuzi zao hazitofautiani sana kwa urefu, na uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi hukatika.

Mvua nayo ina neno lake. Ngozi hunywa unyevu, ikalegea, na sauti ikashuka. Wapiga ngoma za kadodi, zinazosindikiza vijana wa tohara ya imbalu Mbale kila mwaka wa namba shufwa, huzipasha ngoma zao moto ili ngozi ikauke na kukaza.

Lakini lililonivuta zaidi liko Busoga, upande wa Jinja, katika kinubi cha nyuzi nane kiitwacho entongooli. Waganda wanacho pia, nao hukiita endongo. Ngozi yake ni ya kenge, yenye magamba, na nyuzi hupita karibu nayo mno. Uzi ukipigwa huigusa ngozi tena na tena, na kila mguso hutoa mlio mdogo mkavu. Mgeni aliyezoea gitaa hudhani chombo kimeharibika, kwa sababu kwenye gitaa mkwaruzo kama huo ndio unaopeleka chombo kwa fundi. Huku fundi ameutaka mwenyewe.

Amefanya vyema, na fizikia iko upande wake. Sikio la binadamu hudaka vizuri zaidi mitetemo ya kati ya 2000 na 5000 kwa sekunde. Uzi mnene wa kinubi uko chini sana ya hapo, katika eneo lilelile la sauti za wanaume wanaozungumza kandokando ya chungu cha pombe. Ukitetemeka kwa utulivu, watu wataumeza kwa maneno yao. Ukiigonga ngozi ya kenge, sehemu ya nguvu yake huhamia kwenye mitetemo ya juu, na aliye nyuma kabisa anausikia.

Wahindi walifika hapohapo kwa njia nyingine. Tambura yao ina kikalio kipana, kilichochongwa ili uzi ukiguseguse na kuvuma. C. V. Raman aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1921, kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930 kwa kazi yake kuhusu mwanga.

Ndiyo maana inauma fundi wa studio anapousafisha mkwaruzo wa entongooli kwa mashine, akidhani ni kelele ya waya. Ukirekodi kinubi hiki, weka maikrofoni karibu na ngozi ya kenge, na mitetemo ya juu usiiguse.