Kutoka Ukingoni hadi Mtumbwini: Biashara ya Matembezi ya Mtoni na Abiria Wenye Ulemavu Mjini Kisangani

Komini ya Makiso, ambayo ndiyo kitovu cha utawala na biashara cha jiji la Kisangani, imekaa kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo, mahali ambapo meli zinazopanda kutoka Kinshasa, umbali wa kilomita 1,734, hulazimika kukomesha safari kwa sababu mbele yake yapo maporomoko ya Boyoma. Kutokana na nafasi hiyo, usafiri wa majini umekuwa uti wa mgongo wa uchumi wa jiji. Hapa hupakiwa boti kubwa za mbao zenye injini, zinazobeba abiria na mizigo kwa pamoja kuelekea Isangi, Bumba na hata Kinshasa, na hapa ndipo wakazi huvuka kwenda Lubunga, komini pekee iliyo upande wa kushoto wa mto, huku wageni wakielekea eneo la Wagenia kuwatazama wavuvi wanaotega vikapu vyao kwenye magogo yaliyosimikwa ndani ya maji yaendayo kasi. Biashara ya matembezi ya mtoni, yaani safari ambayo mtu huilipia kwa ajili ya burudani, imejishikiza kwenye shughuli hizo, ikitumia vyombo vilevile, manahodha walewale na kingo zilezile.

Kwa sababu hiyo, abiria mwenye ulemavu anayetaka kupunga upepo mtoni hukutana na vikwazo vilevile vinavyomkabili anapokwenda sokoni. Chombo chenyewe si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa, kwani katika mtumbwi wa gogo abiria huketi chini kabisa, uzito wake ukiwa karibu na maji, mkao ambao unakipa chombo uthabiti na hauhitaji nguvu za miguu. Penye taabu ni zile mita chache zinazotenganisha nchi kavu na chombo, zenye matope, mteremko mkali na ubao mwembamba ambao hata mwenye miguu miwili huupita kwa uangalifu. Anayetumia kiti cha magurudumu hufika hapo akageuka mzigo wa kubebwa, na matembezi yanayoanza kwa mtu kubebwa bila hiari yake yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya starehe aliyoilipia.

Dhana kwamba wateja wa aina hii ni wachache au hawana fedha inapingwa na historia ya mto huohuo. Tangu miaka ya 1970, watu wenye ulemavu walipewa nafuu ya nauli na ushuru kwenye vivuko kati ya Kinshasa na Brazzaville, nao wakaitumia nafuu hiyo kujenga biashara kamili ya kuvusha bidhaa: baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, zilifanyiwa marekebisho ili zibebe shehena, na watu wasio na ulemavu wakaajiriwa kuzisukuma. Biashara hiyo ilipata pigo kubwa mwaka 2014, serikali ya Brazzaville ilipowafukuza raia wengi wa Kongo-Kinshasa. Hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba unapoondolewa mzigo mmoja tu wa gharama, watu waliodhaniwa kuwa wategemezi huwa wafanyabiashara wanaotegemewa na wengine.

Sheria nayo haiko kimya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi haki ya kushiriki katika burudani, mapumziko na michezo. Kisha Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ambayo ni ya ngazi iliyo juu ya sheria za kawaida (kwa Kifaransa, loi organique), ikaweka ulinzi wa haki hizo nchini. Kwa Kisangani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa miongoni mwa wakazi wake wamo walioumizwa na makombora ya vita vya siku sita vya Juni 2000, ambapo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya jiji lisilo lao. Kuuona mto kutokea ndani ya mto ni sehemu ya kurudishiwa jiji lao.

Ujenzi unaohitajika unaeleweka vizuri kihandisi. Kanuni inayokubalika sehemu nyingi ni kwamba njia ya kiti cha magurudumu isizidi mteremko wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kushuka ipate sentimita kumi na mbili za urefu. Ukingo unaoshuka mita 3 ungehitaji njia ya mita 36, urefu ambao hata kanuni za Marekani za gati za boti za starehe haziulazimishi, kwani daraja lililofikia futi 80, takriban mita 24, huruhusiwa kuwa na mteremko mkali zaidi. Aidha, maji ya Kongo hupanda na kushuka kwa majira, hivyo ngazi ya saruji iliyo sawa mwezi mmoja inaweza kuning'inia juu ya matope mwezi mwingine. Linalofaa zaidi ni gati linaloelea, ambalo mafundi wa kuchomelea na maseremala wa jijini wanaweza kulitengeneza kwa mapipa yaliyozibwa na sakafu ya mbao, likaunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba linalofuata kimo cha maji.

Juu ya gati hilo huwekwa benchi la kuhamia, lenye kimo cha takriban sentimita 45, kinachokaribiana na kimo cha kiti cha magurudumu. Abiria huhamisha makalio kwa nguvu za mikono yake hadi kwenye benchi, kisha kwenye kidato cha chini zaidi, hatimaye ukingoni mwa mtumbwi uliofungwa kamba mbele na nyuma, naye nahodha hutakiwa kukishika chombo na kumwacha abiria ajiongoze mpaka atakapoomba msaada. Anayependa kubaki kwenye kiti chake anaweza kuhudumiwa kwa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao, mfano ambao una undugu na ngalawa ya Zanzibar, inayopata uthabiti wake kutoka kwenye mirengu ya ubavuni. Chombo cha jamii hiyo, kiitwacho va'a huko Polinesia, kiliingizwa katika mashindano ya Paralimpiki ya Tokyo, yaliyofanyika mwaka 2021.

Usalama unahitaji fikra mpya zaidi kuliko fedha. Abiria asifungwe kamwe kwenye kiti kwa mkanda usiofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu chombo kikipinduka mkanda huo humzamisha. Jaketi la kuokolea nalo lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi, kwani mwili wenye miguu iliyopooza au iliyokatwa huelea kwa namna tofauti, na jaketi linaweza kumpandia abiria usoni lisipokuwa na mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Kiziwi akubaliane na nahodha ishara za mkono kabla ya kung'oa nanga. Njia ya matembezi nayo ielekezwe kwenye maji tulivu ya upande wa chini wa jiji, mbali na mkondo wa Wagenia, ambao unatosha kutazamwa kutoka ukingoni.

Kwa upande wa hesabu, gati moja haliwezi kujilipa kwa wateja wenye ulemavu peke yao, wala halitakiwi kufanya hivyo, maana litawafaa pia wazee, wajawazito, wachuuzi wenye mizigo na kila mvushaji anayepoteza muda akingoja abiria wapite ubaoni mmojammoja. Busara ni kutoza vyombo vyote ada ndogo ya kutia nanga, na kumwachia mwenye ulemavu alipe nauli kamili kama mteja mwingine yeyote, huku msaidizi wake, ambaye hakwenda mtoni kwa starehe yake mwenyewe, akisafiri bure.